Miwani ya Kumwona Mama Sefu

Sefu amezikwa wiki iliyopita, na mimi nilikwenda msibani kama watu wote. Nilikaa mkekani na wanawake, nikanywa chai yao, nikala wali na maharagwe yao, nikasema "Mungu amrehemu" pale pa kusema. Hapo sina neno. Lakini walipoanza kumsifu mama yake, aliyetangulia zamani sana, nikaona sasa wamezidi. Eti Mama Sefu alikuwa mama wa kambi nzima. Eti alikuwa na huruma, hakuna binti aliyekosa mume mbele ya macho yake. Waliokuwa wakisema hivyo ni vitoto vya miaka sitini, hawakumjua akiwa na meno yake yote. Mimi nilimjua. Nilikaza taya mpaka sikio likaniuma, nikamwambia mjukuu wangu anirudishe nyumbani, maana mdomo ulikuwa unanicheza na msibani si mahali pake. Kwenye karatasi ni mahali pake. Shule nilisoma kidogo, herufi zangu ni kubwa na zinalala upande kama mbuzi aliyeshiba, lakini zinasomeka.

Mwaka wenyewe ni wa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado kwenye nyumba zao za kando ya ziwa, na sisi Waswahili wa Gisenyi kwenye kambi yetu, nyuma ya soko. Mwaka huo mimi nauhesabu kutoka Idi mpaka Idi. Nilikuwa msichana wa kuolewa, nakaa kwa shangazi yangu Bi Zulfa, na kazi yangu ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vitundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kinakuwa kama jicho la ndege. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja dogo kama mlango wa banda la kuku, na chini ya dirisha hilo ndipo nilipokaa tangu nikiwa mdogo, kofia imenigusa pua, karibu niulambe uzi. Kofia zangu zilikuwa nzuri, sitaki unyenyekevu wa bure. Wanaume walitoka Goma kuzifuata. Lakini ukiniinua kichwa kutoka kwenye kofia, dunia yote ilikuwa uji. Watu kwangu walikuwa nguo na mwendo. Shangazi alikuwa kijani kinachochechemea. Sefu, mchumba wangu, alikuwa shati jeupe na mluzi. Ziwa lilikuwa weupe, mlima ulikuwa weusi, na mimi nilidhani kila mtu anaona hivyo hivyo, kwamba kwa wengine pia miti haina majani mpaka uifikie.

Sasa kulikuwa na desturi katika kambi yetu, sijui kama wengine wanayo. Siku ya Idi, msichana aliyechumbiwa anasimama mlangoni kwa mama mkwe wake mtarajiwa na kupokea wageni. Si kupokea tu. Anatakiwa kumwamkia kila mwanamke kwa jina lake na cheo chake kabla mgeni hajafungua mdomo: karibu shangazi fulani, karibu mama mkubwa, karibu bibi. Hapo ndipo kambi inampima, inaona kama ana adabu, kama anajua nani ni nani. Mimi nilijipanga. Nilikariri nguo za watu wote wa kambi kama mtoto anavyokariri sura za Kurani. Nilijua nani ana kanga ya rangi gani na nani anaburuta mguu. Kilichonipita ni kitu ambacho hata mtoto anakijua. Mwanamume mwenye wake wawili, siku ya Idi anawanunulia nguo moja, sare kabisa, hata uzi usizidi, asije akaambiwa anapendelea.

Bwana mmoja mfanyabiashara wa ngozi alikuwa na wake wawili, Bi Fatuma mkubwa na Safina mdogo. Walikuwa hawasemezani. Siku ile wote wawili walivaa kitenge cha manjano chenye mikia ya tausi, wote wanene, wote wa kimo kimoja. Mimi niliona manjano inakuja, na nilishasikia asubuhi kwamba Safina ndiye aliyeshonewa manjano. Nikainama, nikasema kwa sauti ya kupendeza kabisa, "Karibu, mama mdogo Safina, Idi njema." Alikuwa Bi Fatuma. Kumwita mke mkubwa kwa jina la mke mdogo, mlangoni, siku ya Idi, mbele ya Safina mwenyewe anayekuja nyuma yake! Bi Fatuma aligeuza sinia lake la mandazi, akaondoka nalo, na watoto wake wakamfuata mmoja mmoja. Na lori ambalo Sefu alikuwa akipakia ngozi kwenda nalo Goma lilikuwa la nani? La mume wao.

Mama Sefu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. "We mutoto," aliniambia, "uko na macho ao uko na vifungo?" Wanawake wakacheka. Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alipoona wanacheka, akaendelea. "Angalieni huyu! Ni kipofu, na shangazi yake ametuficha. Huyu atanilelea wajukuu? Atamweka mutoto kwenye moto akisema ni sufuria! Atamtandikia kitanda bwana wa jirani akisema ni mume wake!" Kisha akanishika bega, akanisukuma kando ya mlango kama unavyosukuma mbuzi, na akamwita Rukia, binti wa dada yake, asimame mahali pangu. Sefu alikuwepo. Shati jeupe lilisimama karibu na ukuta, na birika mkononi. Mluzi haukusikika, wala neno. Nilirudi nyumbani nikiwa na hina mikononi, na nyuma yangu nikasikia Rukia akianza, "Karibu, bibi. Karibu, mama mkubwa."

Mtu akisoma atasema, basi hilo ni jambo la kuweka kinyongo mpaka uzeeni? Ndiyo. Ni hilo. Kwa sababu hamjui jina linavyokaa juu ya msichana katika kambi ya nyumba chache. Kesho yake uchumba ulikuwa umevunjika, Rukia ndiye mchumba wa Sefu, na mimi niliitwa Kipofu kisimani. Wiki ya pili watoto waliniita Kipofu. Waliokuwa wanakuja kuulizia kuhusu mimi kabla ya Sefu hawakurudi tena. Na jioni moja, nikiwa nimelala na homa nyuma ya pazia la mkeka, nilimsikia Safina amekuja kwa shangazi, wanakunywa chai na viazi vitamu, anasema polepole kama mtu anayeuza kitu kibovu. Alikuwa na mjomba wake huko Sake, ng'ambo ya Goma, mzee, wake wawili anao, anatafuta wa tatu wa kumkanda miguu. "Kipofu kwa muzee ni sawa tu," Safina alisema. "Hataona makunyanzi." Wakacheka wote wawili. Shangazi yangu pia alicheka, nilimsikia. Halafu akasema, "Bon. Tungoje mpaka Idi ingine. Kama hakuna mutu amekuja, basi aende Sake." Nilijifunika shuka usoni. Sikulia. Nilikuwa nafikiria mwiko wa Mama Sefu, namna ulivyokuwa na wali ubavuni, maana huo niliuona, alikuwa ameuleta karibu na pua yangu.

Sokoni alikuwepo fundi wa saa aliyeitwa Mzee Salimu. Mbele yake, pamoja na saa zilizokufa, alikuwa na beseni la lineti kuukuu, miwani ya Wazungu waliokwisha kurudi kwao au kaburini, hatukuuliza. Wazee walikuja kuchambua humo kama wanavyochambua mchele, wakipata ya kusomea wanakwenda. Mimi nilikwenda na kofia mpya kifuani, nikamwambia nataka ya kuonea mbali, na malipo ni kofia. Akaipenda kofia. Akaniambia, "Chagua mwenyewe, binti yangu, miye najua saa tu." Nikajaribu moja baada ya nyingine. Nyingi zilinifanyia dunia kuwa uji mzito zaidi. Nikaanza kuzipapasa kwa kidole, kama ninavyopapasa kitambaa, nikagundua kwamba zile za wazee ni nene katikati, na kwamba chini kabisa zipo chache zilizo nyembamba katikati na nene pembeni. Hizo ndizo zilizokuwa zangu. Nikachukua ile yenye ukali kuliko zote, nikaivaa, nikapiga yowe. Mzee Salimu aliangusha bisibisi yake. Niliona mlima Rubavu una miti, na kila mti una shina lake. Niliona majani! Niliona Mzee Salimu ana kovu kwenye nyusi. Nilitembea kurudi kambini kama mtu aliyekunywa.

Furaha hiyo haikufika jioni. Kabla ya miwani nilikuwa nadhani watu walinipenda mpaka ile Idi. Miwani ndiyo iliyonionyesha. Niliona wasichana kisimani wakikunja nyuso, wakifinya macho na kutembeza pua juu ya ndoo zao, na nikachelewa kidogo kuelewa kwamba hiyo ni mimi, ndivyo wanavyoniigiza, na wameniigiza miaka yote hiyo mbele yangu kwa sababu walijua sioni. Siku ile ile lori la ngozi lilipita likielekea barrière, kizuizi cha mpakani. Sefu alikuwa juu ya mzigo na mwenzake. Mwenzake akanioneshea kidole, akafinya macho, akapapasa hewa kama kipofu anayetafuta mlango. Na Sefu alicheka. Niliona meno yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wa aliyekuwa mchumba wangu kutoka mbali, na ulikuwa unanicheka. Nikasema moyoni, sawa. Wewe na mama yako, wote wawili.

Basi nikavaa miwani ile kutwa, hata nikishona. Na kichwa kikaanza kuuma. Sindano ikawa inaogelea, vitundu vinapishana, nikatoboa kofia ya mtu mahali pasipo pake. Shangazi aliona. "Hiyo kintu inakunywa macho yako," alisema. "Kila siku inakunywa kidogo, kama mutu wa pombe." Nilimjibu vibaya, lakini neno likanikaa. Tangu utoto nilikuwa na zoea moja: nachukua uzi, naushika ncha moja kwenye shavu chini ya jicho, nyingine nashika pamoja na kofia, halafu naisogeza kofia mbali mpaka pale vitundu vinapoanza kuota ukungu, hapo nafunga fundo. Ndivyo nilivyojua umbali wangu wa kazi. Nilikuwa nao ule uzi wa zamani. Nikavua miwani, nikapima. Vitundu viliota ukungu kabla kofia haijafika kwenye fundo langu la zamani. Ukungu ulikuwa umenisogelea, umekaribia pua. Kwa hiyo nitakuwa kipofu kweli, nikafikiri, na Mama Sefu atakuwa amesema kweli, na mimi nitakuwa nimeinunua mwenyewe kwa kofia yangu.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, nikipika sombe, yale majani ya muhogo, na kuiunguza. Nilikumbuka jirani yetu aliyevunjika mguu. Mguu ulipopona aliendelea na mkongojo, mpaka mguu wenyewe ukasahau kazi yake, ukawa mwembamba kama fimbo. Nikasema, huenda jicho nalo ni mguu. Ile miwani inalibeba mzima mzima, na karibu, ambako halihitaji kubebwa, inalitesa. Sikuambiwa na mtu. Nilifikiri tu, kwa hasira, na hasira inafikiri vizuri ukiipa muda. Nikarudi kwa Mzee Salimu, nikamwomba beseni. Nikaweka macho kwenye miti ya juu ya Rubavu, nikajaribu zile nyembamba za katikati mpaka nikapata moja ambayo haikunihesabia mashina, ilinionyesha tu kwamba yale ni mashina na kwamba nikijikaza kidogo nitayatenganisha. Nikasema nabadilishana.

"Lakini hii ni dhaifu kuliko ile!" Mzee Salimu alishangaa.

"Ndiyo."

"Yaani ulikuwa unaona muzuri, sasa unataka kuona vibaya?"

"Nataka iniachie kazi kidogo, mzee."

Akamgeukia muuza chumvi aliyekuwa jirani yake. "Yebabawe! Watu wanakuja kwangu kutafuta miwani ya kuona. Huyu anatafuta ya kutoona!" Soko lile likacheka, na nilichekwa njia yote mpaka kambini. Nilikuwa nimezoea. Wote niliwaona, na wote niliwaweka mahali pao kichwani.

Hivi ndivyo nilivyofanya, na nasema nilivyofanya mimi, simfundishi mtu. Miwani ile hafifu nilivaa nikitembea tu, au nikitaka kujua nani anakuja. Nikishona nilikuwa bila kitu. Nilihama dirishani, nikatoa jiwe letu la kuanikia, lile jiwe jeusi la volkano, nikaliweka nje ukutani penye mwanga, nikikabili barabara, na kwa kando unaona ziwa. Shangazi alilalamika kwamba jua litanichoma niwe mweusi kama chungu. Nilisema chungu kinaolewa, kipofu hakiolewi. Nikawa nasogeza kofia mpaka pale pale ukungu unapoanza, si ndani yake wala nje yake, nikashona hapo ukingoni, na kila nikimaliza kitundu nainua macho naangalia mtu wa mbali barabarani, najilazimisha kumtaja kabla hajafika. Yule ni nani? Anatembeaje? Kichwa kimekaaje shingoni? Mwanzoni nilikosea mno. Nilimwita mtu wa Rugerero mwenye kapu la maharagwe "mwalimu". Nilimpa salamu ya heshima ng'ombe mmoja. Watu walipita wakisema, "Kipofu leo anaamkia nani?" Lakini uzi ulianza kurefuka. Fundo jipya likapita la zamani, polepole, kwa upana wa ukucha, na halikurudi nyuma. Katikati ya mwaka miwani ile hafifu ikaanza kunionyesha mno, miti ikawa na mashina yote bila mimi kujikaza. Nikajua siku imefika. Nikarudi kwenye beseni nikachukua nyingine, hafifu kuliko hiyo. Mzee Salimu safari hii alinisogezea beseni mwenyewe. Alikuwa amevaa kofia yangu.

Mjukuu wangu mmoja ana binti mwenye miwani mizito, na walimpeleka kwa daktari wa macho, kijana msafi, mwenye mashine. Nilikwenda nao. Nilimweleza habari za uzi na za beseni. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, bibi, jicho likisharefuka halirudi, na mtoto avae alichopimiwa, usimpunguzie kwa kubahatisha. Sikubishana. Mtoto anavaa alichopimiwa, na kucheza nje mchana, hilo daktari naye alilikubali. Inawezekana ile ya kwanza ilikuwa kali kuliko haja yangu, ikanipotosha. Inawezekana nusu ya kuona kwangu ilikuwa kujifunza watu, si macho. Sijui kilichotokea ndani ya jicho langu. Najua kilichotokea nje yake. Na daktari huyo hakuwahi kuwa na Mama Sefu, kwa hiyo kuna dawa moja hakuisomea.

Idi ikarudi. Asubuhi niliweka kidevu juu, nikaweka miwani yangu ya tatu puani, maana sikutaka kujifanya sina, nikafuatana na shangazi kwenda kwa Mama Sefu. Siku ya Idi hafukuzwi mtu. Pilau ilinukia mpaka njiani, nyama ya mbuzi, iliki, vitunguu vilivyoungua kidogo. Rukia alikuwa mlangoni, amepakwa wanja, mikono imejaa hina. Nilimwamkia vizuri. Sikuingia. Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe kwenye njia ya kuingilia uwanjani, pale kila mgeni anapopita kabla ya kuufikia mlango, kama mtu anayepumzisha miguu. Na nikaanza.

"Salam aleikum, Bibi Asha! Idi njema! Yule mjukuu wa kikohozi amepona?" Bibi Asha alikuwa bado ng'ambo ya barabara. Akasimama, akatafuta sauti, akaniona. Akaja kwangu moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili, tukaulizana habari kwa kirefu. Alipofika mlangoni kwa Rukia alikuwa ameshaamkiwa, hakuna kilichobaki. Rukia alimpa mkono tu. Wa pili nikamshika mbali zaidi, wa tatu nikamwita kutoka kwenye kona. Kila mmoja kwa jina lake, kwa cheo chake, kwa habari ya nyumbani kwake, maana mwaka mzima nilikaa juu ya lile jiwe nikiwatazama, nilijua hata nani amebadilisha viatu. Wanawake walianza kukaa nami ukutani badala ya kuingia. Wengine walisimama kutazama tu nani nitamwita. "Huyu je? Huyu je?" Mlangoni Rukia alisimama na midomo imefunguka, kila jina linamfia mdomoni, na nyuma yake nikaona uso wa Mama Sefu ukitokeza, ukirudi, ukitokeza.

Wakatokea wale wawili. Mwaka huo bwana alikuwa amewanunulia kitenge chekundu, na wote walijifunika kichwa kwa sababu ya vumbi. Kila mtu pale alikuwa anakumbuka. Shangazi alinishika nguo kwa nyuma. Walikuwa bado kwenye kona, mmoja mbele ya mwingine, na nasema kweli, kwa macho ya mwaka uliopita ungekuwa wekundu mmoja unaokuja. Niliangalia mabega. Bi Fatuma alikuwa anabeba kichwa kama amebeba maji, hata akiwa hajabeba kitu. Na nilimwona uso. Uso wake kabisa, na kipini puani.

"Bi Fatuma, mama yangu mkubwa!" niliita. "Idi njema! Bwana mguu haumsumbui tena?"

Alisimama katikati ya barabara, mtu wa baiskeli akamkwepa. Halafu akaja, taratibu, sinia kichwani mwa mtoto wake nyuma. Alinitazama kwa muda mrefu kwenye miwani. "Kumbe uko na macho," alisema.

"Niko nayo, mama. Yalikuwa yamechelewa."

Akacheka cheko la tumbo. Sinia akalifungulia pale pale ukutani, mandazi yale aliyoondoka nayo mwaka uliopita ni kama sasa ndipo tulipoyala, na mlango wa Mama Sefu haukuukanyaga. Alipoondoka aliwaambia watu wote kwa sauti, "Nyumba hii nitaingia siku huyu mutoto atakuwa mlangoni." Ndani pilau ilikuwa inapoa kwenye masinia. Sitaficha, nililala usingizi mtamu.

Mnajua kilichofuata. Sefu alikuwa anataka kazi yake ya lori, na lori lilikuwa na bwana, na bwana alikuwa na Bi Fatuma. Haikupita wiki, ujumbe ukaja kwamba Mama Sefu atafika mwenyewe, kwa miguu yake, kuyarudisha maneno na kuniposa upya. Shangazi alifagia uwanja mara mbili. Habari ya Sake alikuwa ameshaikata, kwa tamaa ya Sefu, na sasa aliniwekea kidole usoni. "Sikia, Zaina. Ukimujibu vibaya mama huyo, mi mwenyewe nakupeleka Sake, kwa mukono wangu huu." Nilijua anaweza. Nilijua pia kwamba Bi Fatuma alishaniambia kibaraza chake kina nafasi ya mshonaji, na kitanda kipo. Lakini hata kama kibaraza hicho kisingekuwepo, nisidanganye, ningefanya vile vile. Ningemfanyia Mama Sefu vile vile halafu nikatembea mwenyewe mpaka Sake.

Alikuja mchana, jua likiwa juu, vibaraza vyote vimejaa watu waliojifanya wanachambua mboga. Nilimwona tangu alipotokea kwenye kona. Kanga mpya, viatu vya ngozi, jasho kwenye mdomo wa juu. Nikainamisha kichwa kwenye kofia yangu, nikaisogeza karibu na pua kama zamani. Alisimama mbele ya jiwe langu mpaka kivuli chake kikanifunika.

"Salam aleikum, mwanangu."

Niliinua uso. Nikakunja macho, nikayafinya kabisa, kama wasichana wa kisimani walivyonionyesha. "Aleikum salam. Ni nani, mama?"

"Ni miye."

"Miye nani? Unisamehe, macho yangu haya kambi nzima inayajua."

Akageuka kidogo kutazama vibaraza. "Mama Sefu."

"Sefu wako wengi, mama. Kuna Sefu wa mikate, kuna Sefu wa msikitini."

"Sefu wa lori."

"Aa. Lakini hilo ni jina la mtoto. Jina lako wewe ni nani?"

Msichana hamuulizi mwanamke mzima jina lake alilopewa na baba yake. Nadhani tangu azae hakuna mtu mdogo kwake aliyewahi kumtaka alitaje. Kwenye kibaraza cha jirani mtu aliacha kukata mboga. Mama Sefu aliivuta kanga yake begani.

"Zaituni," alisema.

"Sauti, mama, kidogo."

"Zaituni!"

"Zaituni," nikasema, polepole, nikilionja. "Basi, Zaituni, rudi salama. Hapa anakaa kipofu, hataweza kukulelea wajukuu. Huyo Rukia wako ndiye anayekufaa, na mwanao akihitaji mtu wa kumchekesha, barabarani wapo." Nikachukua miwani mapajani, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikaivaa mbele yake, taratibu, ili aone kwamba sasa ndiyo namtazama.

Midomo ilimcheza Mama Sefu, lakini ile sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa haikutoka. Akageuka, akaenda.

Shangazi alitoka ndani na birika la chai, uso umejaa tabasamu la wageni. Akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. "Mama Sefu iko wapi? Nimemusikia hapa sasa hivi."

"Anakwenda zake."

"Wapi? Mi sioni mutu."

"Mimi namwona," nilisema. "Amefika kwa muuza mkaa, kule kwenye kona. Kanga imemteleza begani, na hajaivuta."